Zilipendwa na mizani ya marehemu baba

Hivi karibuni nilimkemea kijana wangu kwa sababu ya muziki. Alikuwa ameweka Bongo Fleva kwenye simu, nami nikamwambia azime upuuzi huo, hii ni nyumba ya Waislamu. Akazima bila ubishi. Kisha akaniuliza kwa adabu: “Baba, na zile za Msondo unazoweka kwenye gari, hukumu yake ni nyingine?”

Nikamjibu kuwa zile zina mafunzo. Jibu hilo halikumtosheleza, na kwa hakika hata mimi halikunitosheleza. Tangu siku hiyo ananiamkia kama kawaida, lakini hatuongozani tena kwenda msikitini kwa sala ya Magharibi. Ndiyo maana naandika.

Nimekulia Ulyankulu, mkoani Tabora, ambako marehemu baba alikuwa na duka dogo. Makazi yale yalijaa ndugu zetu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, hata maji yakawa shida, na kuanzia 1978 wengi wakahamishiwa Mishamo. Baadhi ya wateja wale hawakujua Kiswahili vizuri, wala kusoma mizani. Baba angetaka, angewapunja sukari wasijue. Hakufanya hivyo. Kila asubuhi alipangusa sahani za mizani, akaziangalia kwanza zikiwa tupu kama zimekaa sawa, ndipo akafungua duka.

Dukani palikuwa na redio ya betri, na sisi vijana tulizijua bendi za Radio Tanzania Dar es Salaam kwa mitindo yake. Nuta Jazz ilipogeuka Juwata Jazz mwishoni mwa miaka ya 70, jina lilibadilika lakini Msondo ukabaki. Mwaka 1978 ikaanza Mlimani Park, ikaja na Sikinde, jina lililotokana na ngoma ya Wazaramo. Maquis du Zaire walikuwa na Kamanyola. Kwetu, Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Tulibishana juu ya mitindo hiyo kana kwamba ni madhehebu. Januari 1979, nchi ikiwa vitani na Idi Amin, Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa. Habari zilipotufikia tulikaa barazani kutwa nzima kama waliofiwa na ndugu wa tumbo moja. Adhuhuri ikatupita, na Alasiri ikatupita.

Baba alituita wapotevu. Alisema magitaa yetu ni kelele tupu, si kama Kiko Kids ya Salum Zahoro, bendi ya Tabora aliyoipenda yeye. Leo nayasikia maneno yale yale kinywani mwangu. Mzee ambaye hakupunja hata robo ya sukari, katika jambo hili alikuwa na mizani mbili, nami nimezirithi.

Ndugu msomaji, sikusudii kutoa fatwa. Hiyo ni kazi ya mashekhe. Wapo waliotegemea aya ya 6 ya Surat Luqman, kwa tafsiri ya Ibn Mas'ud (r.a.), na wanazuoni wengi wameharamisha ala za muziki. Wapo waliopinga, kama Ibn Hazm, aliyeona hadithi za kuharamisha hazikusihi. Imam Ghazali katika Ihya aliangalia kinachoimbwa, ala inayopigwa, na hali ya anayesikiliza. Lakini sijakuta hata mmoja wao aliyepima halali na haramu kwa mwaka ambao wimbo ulirekodiwa!

Atasema mtu: nyimbo za zamani zilikuwa na heshima. Nyingi, ndiyo. Lakini bendi zile ziliishi kwa kumbi za dansi, na kwenye kumbi hizo pombe iliuzwa. Tunakumbuka mashairi, tunausahau ukumbi. Kwa vijana wetu tunafanya kinyume chake: tunauona ukumbi, mashairi hatuna subira ya kuyasikiliza. Kama kipimo ni maneno, basi kitumike pande zote. Zipo za leo zitakazofaulu, na zipo zilipendwa zitakazoanguka.

Katika Surat al-Mutaffifin, Allah (s.w.) amewatishia wale ambao wakijipimia wao wanachukua kamili, wakiwapimia wengine wanapunguza. Je, punjo hiyo ni ya sukari na mchele peke yake? Mzazi anayejisamehe kwa jambo analomhukumia mwanawe, amempimia nini?

Nimemwomba kijana wangu radhi. Nimemwambia tukae pamoja, yeye na simu yake, mimi na kanda zangu, tuulize maswali mawili: je, maneno haya yanaweza kusikilizwa mbele ya mama yako? Na je, yamewahi kutupitishia sala?

Nimeanza na zangu, kama baba alivyoanza na sahani tupu. Kwa swali la pili, za kwangu zilianguka Januari 1979. Yeye bado hajanijibu. Allah atupe uadilifu ndani ya nyumba zetu kabla ya kuudai nje. Wallahu a'lam.