Hatari ya Nani?

Kuna duara moja, yaani shimo la dhahabu, upande wa Makongolosi, wilayani Chunya, ambalo vijana walilichimba miezi mingi bila mshahara. Hapo hawakudhulumiwa, ndivyo ilivyo machimboni kwetu. Mwenye duara hutoa posho, baruti na mafuta ya jenereta, vijana hutoa nguvu, na mawe yakitoka watu hugawana mifuko: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya wachimbaji, kila mgodi na desturi yake. Mwamba ukapatikana. Haukupita muda akaja mbia mwenye fedha, ikaja kompresa mpya, na pamoja nayo habari kwamba mgawo umekwisha: sasa hii ni kampuni, anayetaka kubaki atalipwa kwa siku. Kijana mmoja akauliza, "Bosi, na ile miezi yetu?" Akajibiwa kwamba ile miezi si alikuwa anakula.

Jibu hilo limenikwama kooni. Nililisimulia kwa marafiki zangu wa Mbeya mjini, watu wa biashara na semina za ujasiriamali, nikidhani watasikitika. Wakamsifu bosi. Ndivyo kampuni inavyokua, wakasema. Mwanzilishi lazima afike mahali aachane na mambo ya kienyeji, aajiri, apange ngazi za madaraka, awe kiongozi wa watu badala ya kuwa mwenzao. Uongozi ni kuonesha njia na ukuaji ni kuongezeka, hayo vitabu vimekwisha kuyasema na sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni hiki: kitu kilichoanzishwa na wengi kikikua, kwa haki gani mmoja wao anaamka asubuhi akiwa mwanzilishi na wengine vibarua?

Zipo hoja ninazoziheshimu. Duara likigonga maji, pampu hainunuliwi kwa undugu, na watu ishirini hawawezi kupiga kura kuamua baruti ilipuliwe saa ngapi. Ni kweli, wala sibishi.

Inayonipandisha hasira ni ile nyingine, inayotamkwa kwa utulivu kana kwamba imefunga mjadala: "Yeye ndiye aliyebeba hatari." Aliibebea wapi? Masika udongo ukilowa na matimba, zile nguzo zinazozuia kuta, yakaanza kulia, aliyeko chini si yeye. Ukisema hivyo unajibiwa kwamba hiyo ni hatari ya mwili, wenyewe wanazungumzia hatari ya mtaji. Hapo ndipo kiini macho kilipo. Hatari inayohesabiwa ni ile yenye risiti tu. Milioni zilizonunua baruti zina risiti. Miezi ya kijana aliyeacha shamba la tumbaku kule Lupa Tingatinga haina.

Hoja hiyo alikwisha kuijenga Frank Knight, mchumi wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1921, tena vizuri kuliko marafiki zangu. Kwa ufupi: kesho haijulikani. Yupo anayekubali kuibeba kesho hiyo kwa kuwahakikishia wenzake ujira, mambo yaende yasiende. Na kwa kuwa ametoa uhakika huo, amri na faida ni zake. Ni hoja nzuri. Sasa iteremshe ndani ya duara. Nani alihakikishiwa nini? Duara lingekuwa kavu, vijana wangeondoka mikono mitupu, kama walivyoondoka wengi kabla yao. Mshahara ulikuja dhahabu ilipokwisha kuonekana. Maana yake, bosi alianza kuwabebea wenzake hatari siku ile hatari ilipokwisha, na kwa kazi hiyo akajilipa faida yote.

Na kule kula? Hata ng'ombe wa plau hula, wala hakuna anayesema amelipwa. Isitoshe, daftari la posho la duara lile nimeliona. Ni kaunta buku lenye vidole vya mafuta kwenye kila ukurasa: unga, dagaa, betri za tochi, dawa ya malaria, kila kitu na bei yake, vyote vya kukatwa mawe yakitoka. Kumbe hata kula kwenyewe kulikuwa kwa mkopo. Safu ya siku za kazi haikuwapo kabisa.

Kampuni changa za California, ambazo hakuna atakayezituhumu kwa ujamaa, huwaandikia hisa wafanyakazi wa mwanzo kwa sababu hiyohiyo: mshahara wa mwanzo ni mdogo na kampuni yaweza kufa. Huku kwetu serikali sehemu yake imeandikwa. Sheria ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka 4% hadi 6% mwaka 2017, na tangu 2019 Chunya ina soko lake ambako makato hayakwepeki. Mwenye leseni ana karatasi yake. Mgawo wa mchimbaji mara nyingi unakaa mdomoni, na mdomo ni wa bosi.

Nikifika hapa huwa siwezi kujizuia kutaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na wanaonijua huanza kutafuta viatu. Ibara ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma, na kwa bahati mbaya ya mameneja, waliiamini. Wakagoma, wakawafungia mabosi nje. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda wakaendesha kazi wenyewe. Dola iliyowafundisha maneno hayo haikuchukua muda kuchoka kuyasikia, na waliojaribu kwingine mwaka huohuo walikutana na polisi. Sisemi turudi huko. Nasema kulikuwa na wakati nchi hii iliona swali la kiongozi anayewageuka wenzake kuwa ni swali la siasa, si la mbinu za menejimenti.

Nakiri kwamba sijui haki hii inakomea wapi. Aliyechimba mwezi mmoja akaugua akarudi kwao, ana sehemu? Na mama ntilie aliyewakopesha chai hadi mwamba ulipoonekana? Nikizidi kurudi nyuma nitafika kwa vibarua wa Lupa wa miaka ya 1930, ambao dhahabu yao ilikuza mji wa Mbeya, na hapo hakuna daftari litakalotosha. Marafiki zangu wanalitumia tatizo hili kusema basi tuache. Mimi naona limebaki wazi, na linaendelea kuwatesa watu.

Kwa sasa, vijana mnaoingia kwenye maduara mapya: madaftari yawe mawili, siku za kazi ziandikwe, na moja mlishike ninyi.