Usingizi wa Ukoka

Katika nchi ya Meru na Embu mvua huja mara mbili kwa mwaka. Masika hunyesha tangu Machi mpaka Mei, na vuli tangu Oktoba mpaka Desemba. Kati ya misimu hiyo jua hutawala, na ukoka uliokuwa kijani hugeuka rangi ya mchanga. Asiyeujua hudhani umekufa. Sivyo, umelala. Umeyaacha majani yakauke ili uhai wake ukae salama katika mizizi na mashina yatambaayo chini ya udongo. Mvua ya kwanza ikianguka, huamka.

Swali ninalokuletea ni hili: je, ni haki kuuzuia ukoka usilale, kwa kuwa tu twapenda kuuona kijani?

Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini ng'ambo limeleta mabishano makubwa. Katika jangwa la Arizona, Marekani, viko viwanja vingi vya gofu vilivyopandwa ukoka. Huko kinachoulaza ni baridi ya mwisho wa mwaka. Wageni wanaokimbia theluji ya kaskazini huja kucheza katika miezi hiyo hiyo, nao hupenda kijani. Kwa hiyo ifikapo Oktoba wenye viwanja huukata ukoka mpaka chini, wakamwaga juu yake mbegu za nyasi zipendazo baridi, wakazinywesha mara kadhaa kwa siku mpaka ziote. Joto likirudi nyasi hizo hufa, na aghalabu ukoka huamka umedhoofika kwa kunyimwa nuru na nafasi. Wengine wameiacha desturi hiyo; humwagilia sehemu chache tu, na kwingineko mpira hukimbia juu ya nyasi zilizolala. Mto Colorado, ambao hugawiwa na majimbo 7 pamoja na Meksiko, ulipungua hata mwaka 2021 serikali ya Marekani ikatangaza upungufu kwa mara ya kwanza.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwenye uwanja ana hoja. Kijani huvuta wageni, wageni huleta fedha, na fedha hulipa mkata nyasi, mpishi na mlinzi, ambao wana watoto wa kusomesha. Tena moyo wa binadamu huhitaji uzuri. Asemaye kwamba bustani ni upuuzi mtupu hajapata kuketi ndani yake siku ya huzuni.

Lakini tazama maji yatokako. Karibu na Timau, katika Meru, vijito hushuka kutoka Mlima Kenya kuelekea mto Ewaso Ng'iro. Juu yako mashamba ya maua na mboga yanayomwagiliwa. Chini, Isiolo na Samburu, wako wafugaji. Katika miaka ya ukame mto huo umepata kukauka kabla ya kufika Archer's Post. Embu nako mteremko ni ule ule: juu chai na kahawa, chini nchi kavu ya Mbeere. Kila afunguaye mfereji huko juu hushika mkononi, ajue asijue, ndoo ya mtu asiyemwona.

Mwenye fedha atasema, "Maji haya nimeyalipia." Kweli amelipa, lakini amemlipa nani? Bei hupokewa ofisini, na kiu huonekana kando ya mto. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haikumpa yeyote haki ya nyasi kijani. Ndiyo sababu watu wa mlimani wameunda vyama vya watumiaji wa maji, wakapatana zamu mto upunguapo. Akubaliye zamu amekiri kwamba haja yake ina mpaka, na kwamba ng'ambo ya mpaka huo iko haja ya jirani.

Basi tupime haja zenyewe. Mboga ikikosa maji hufa, pamoja na jasho la mkulima. Ng'ombe wa Isiolo hawezi kulala mpaka mvua irudi, wala mtoto hawezi kuahirisha kiu yake. Ukoka peke yake waweza. Katika uhaba, kiwezacho kungoja na kimpishe asiyeweza. Hiyo ndiyo kauli yangu, nayo haimkatazi mtu uzuri. Yamwomba tu aungojee.

Usidhani kwamba neno hili lawahusu wenye viwanja vya gofu peke yao. Huenda mbele ya ofisi ya shule yako uko ukoka, nanyi hutumwa kuumwagilia mwezi wa Februari ili wageni wausifu. Mkitumwa, ulizeni kwa adabu maji yale yatoka mto gani, na ni nani ateka chini yenu. Kama jibu ni zito, uacheni ukoka ulale. Hautawalaumu. Machi ukifika utakuwa kijani tena, na hakuna atakayekuwa amerudi nyumbani na ndoo tupu kwa ajili yake.