Hukuuliza, sikukwambia

Ukiingia kwenye maduka ya spea pale Gerezani, Kariakoo, ukaulizia pedi za breki, utaulizwa kwanza: “Unataka orijino au ya kawaida?” Hilo neno “kawaida” ndilo lenye mambo.

Mimi nilichukua za kawaida. Wiki tatu hazikuisha, zikawa zinasaga diski. Nikarudi. Kijana wa dukani, ambaye huwa tunaswali msikiti mmoja, akanionyesha maandishi kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha akasema kwa upole, “Ustaadhi, sikukudanganya. Hukuuliza.”

Hoja hiyo si ya kubezwa. Kweli hakutamka uongo. Lakini katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameifungamanisha baraka ya biashara na mambo mawili: kusema kweli na kubainisha. Lingetosha la kwanza, la pili lingekuwa la nini? Na yule mwenye rundo la chakula sokoni, ambalo Mtume (s.a.w.) alitia mkono akakuta ndani kumelowa, naye hatusikii kwamba alitamka uongo. Alichoulizwa ni kwa nini hakuyaweka juu yale yaliyolowa, watu wakayaona.

Ndiyo maana fiqhi ina mlango wa khiyarul-ayb: aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana haki ya kukirudisha. Aibu anayoijua muuzaji akainyamazia haifutwi na wino wa risiti.

Hapa tuwe waadilifu. Urahisi wa bei si aibu. Dereva wa daladala anayetafuta hesabu ya tajiri hana uwezo wa orijino kila mara, na mkulima wa Kilosa ambaye trekta lake limekwama katikati ya msimu atachukua hata bering ya kumvusha wiki mbili, na atashukuru, madhali ameambiwa ni ya wiki mbili. Wenye maduka hudhani mteja anataka bei tu. Anataka kujua ananunua nini, ili achague mwenyewe. Tena breki si redio. Ikigoma kwenye mteremko, walioko ndani hawakuwapo dukani siku ya kupatana bei.

Nilimwambia kijana fedha zangu abaki nazo, ila fundi mwingine akija kuulizia pedi zile amwambie zinadumu siku ngapi. Akainama, akaendelea kupanga maboksi.