Tonge la Mgeni Asiyejulikana

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu msemo huu hutajwa kwa mzaha: siku apitapo mgeni, watoto wa nyumba nao hupata kuonja kitoweo kizuri, na jogoo aliyekuwa akiwekwa akawekwa, siku hiyo huchinjwa. Lakini aliyeutunga hakusema mwenyeji ashibe. Alisema apone, na kupona ni neno la mgonjwa. Ni maradhi gani, basi, aliyo nayo mwenyeji, ambayo mtu mwenye vumbi la safari na njaa tumboni humjia na dawa yake? Na mtu aliyekirimu wageni umri wake wote akiisha kuzikwa, waliobaki wanadaiwa nini?

Maswali haya yanaweza kuulizwa popote, lakini yana uzito wa pekee katika mahali ambapo watu walilazimika kungoja. Kigongo ni mahali pa namna hiyo. Kimo katika Wilaya ya Misungwi, Mkoa wa Mwanza, ukingoni mwa Ghuba ya Mwanza, ule mkono wa Ziwa Viktoria unaopenya kusini. Ng'ambo yake ni Busisi, Wilaya ya Sengerema. Kwa miaka mingi, atokaye Mwanza kwenda Sengerema au Geita kwa njia hiyo alishuka Kigongo kungoja kivuko. Kuvuka kwenyewe kulichukua nusu saa hivi. Kungoja ndiko kulikokuwa na urefu usiojulikana. Malori na mabasi yalipanga foleni, wachuuzi wakapita madirishani na samaki na karanga, na aliyechelewa kivuko cha mwisho alilala palepale, juu ya shehena, kitini mwa basi, au chini ya mwembe wa watu asiowajua.

Katika mojawapo ya nyumba za juu ya njia ile aliishi mama wa Kisukuma ambaye jina lake si lazima liandikwe hapa, kwa kuwa wanawe wanalijua, na wageni wake wengi hawakulijua kamwe. Wao walimwita mayu, yaani mama, kama waitwavyo kwa heshima wanawake wazima wa Usukumani. Alifiwa na mume watoto wakiwa bado wadogo, akawalea kwa jembe na kwa kuuza dagaa, kisha akalea na wajukuu. Hakuwa na baraza ya mawe mbele ya nyumba, kama zijulikanazo na watu wa mwambao. Alikuwa na gogo chini ya mwembe, lililong'aa kwa kukaliwa.

Mama huyo alikuwa na kanuni moja. Abandikapo maji ya ugali mafigani, alihesabu walio nyumbani, kisha akaongeza mtu mmoja katika kipimo cha unga. Mtu huyo hakuwa na jina wala sura. Pengine alikuwa utingo wa lori, pengine mama mwenye mtoto mgonjwa anayempeleka hospitali mjini, pengine mwanafunzi aliyepoteza nauli. Akija, alikula. Asipokuja, tonge lake lililiwa asubuhi na watoto. Msimu wa njaa, unga ulipokuwa haba, ilipikwa michembe, na michembe nayo ilihesabiwa kwa kipimo kilekile. Tena hakumwuliza mgeni atokako mpaka amekwisha kula, kwa hoja yake kwamba mwenye njaa akiulizwa hujibu kama mshitakiwa.

Alikufa miaka michache kabla ya kivuko kuachia daraja nafasi yake. Siku ya maziko walisimama wasemaji, wana wa kiume na wakwe na wazee wa kijiji, na kila mmoja, kwa maneno yake, alisema jambo moja: mama huyu hakuchoka. Hakuchoka kupika, hakuchoka kupokea, hakuchoka kuamka usiku. Ilikuwa sifa nzuri na watu waliitikia. Usiku, waombolezaji walipopungua, binti yake wa kwanza alikuwa jikoni akisugua masufuria ya msiba. Aliwaambia ndugu zake waliokuwa wakiota moto, bila kuinua sauti: "Wadogo zangu, mama alichoka. Nyinyi mlikuwa mnakula na wageni. Mimi nilikuwa nashika taa."

Kisha akawahesabia. Ndoo za maji kutoka ziwani, ambazo mgeni mmoja huongeza mbili. Kuni za kesho zilizochomwa usiku wa leo. Blanketi la mama lililofunika watu wasiojulikana, na mama mwenyewe akajifunika kanga. Miguu iliyovimba. Siku ambazo yeye, binti, alikwenda shuleni akisinzia, na siku ambazo hakwenda kabisa. Ndugu zake walinyamaza, na baadhi ya wazee walisema ni uchungu wa msiba, utapita.

Huenda uchungu ulipita, lakini hoja yake haikupita. Kwa hakika ni hoja kongwe. Katika kisa cha Nabii Ibrahimu, anayesifiwa kwa Waislamu, Wakristo na Mayahudi kuwa kielelezo cha kupokea wageni, msomaji hukumbuka ndama aliyenona aliyeletwa mbele ya wageni wale. Biblia inataja kwamba Sara aliambiwa afanye haraka kukanda unga. Qurani inasimulia kwamba Ibrahimu alikwenda kwa ahali yake, akarudi na ndama. Katika masimulizi yote mawili sifa ya ukarimu imemkaa Ibrahimu, na waliokuwa jikoni msomaji huwapita upesi. Haina maana kwamba Ibrahimu hakuwa karimu. Maana yake ni kwamba ukarimu wa nyumba huwa na mikono mingi, na kumbukumbu ya watu hushika mkono ule tu unaoonekana ukinyoosha sahani.

Mama wa Kigongo alipata angalau kukumbukwa. Lakini alikumbukwa vibaya, na ubaya wenyewe ulikuja kwa sura ya sifa. Kusema kwamba mkarimu hakuchoka ni kusema kwamba tonge lake halikumgharimu kitu. Chemchemi haichoki, na hakuna aishukuruye chemchemi kwa wema wake. Maji ni tabia yake. Mama si chemchemi. Kila usiku aliponyanyuka kitandani alikuwa na hiari ya kutonyanyuka, na mwili wake ulimshauri abaki. Kuchoka kwake ndiko kipimo cha alichotoa. Amwondoleaye mama uchovu katika hotuba ya mazishi, kwa nia njema kabisa, humpokonya zawadi yake na kuifanya kuwa hali ya hewa.

Tena sifa hiyo ina faida kwa asemaye. Ikiwa mama hakuchoka, basi hakuna aliyepaswa kumpokea ndoo.

Hata hivyo, hoja ya binti nayo si kweli yote. Angeulizwa mama mwenyewe, yamkini asingekubali kuitwa mtumwa wa wapita njia. Mjane maskini huzoezwa kupewa: hupewa pole, hupewa kibaba, hupewa ushauri asiouomba. Mbele ya mgeni, mjane yuleyule hugeuka mwenye kutoa. Mlangoni pake alikuja dereva mwenye gari lenye thamani kuliko kijiji, akaketi juu ya gogo lake, akanawa kwa maji yake, akasubiri mkono wake. Hapo pengine ndipo yalipo maradhi yanayotajwa na methali. Mwenyeji huponywa unyonge wa kudhani kwamba hana cha kumpa mtu. Uchovu na uponyaji vilikaa katika mwili mmoja, wala kimoja hakikukanusha kingine.

Lugha yenyewe inalijua jambo hili. Katika mzizi wa Kiarabu uliotupa neno ukarimu, tumepata pia karama, na tumepata takrima. Tanzania ina kumbukumbu ya takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikaruhusu wagombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la desturi ya Kiafrika ya kupokea wageni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Wali wa mgombea ulikuwa mtamu kama wali mwingine wowote. Tofauti ilikuwa katika hesabu: aliyekula alijulikana, na malipo yalikuwa na tarehe yake. Mtu asiye na jina, anayeongezwa katika kipimo cha unga kabla hajafika, hawezi kudaiwa kura wala shukrani.

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu chake kidogo kuhusu amani ya kudumu, kilichotoka mwaka 1795, alisema kupokea mgeni si suala la huruma bali ni haki: mgeni asitendewe kama adui kwa sababu tu amefika katika nchi ya mwingine. Ni neno la busara, na dunia ya leo inalihitaji. Ila haki humfikisha mgeni mlangoni, haimpikii. Kutoka kizingitini mpaka kwenye sahani pana safari nyingine, ambayo sheria haiwezi kumtuma mtu, na ni safari hiyo ambayo akina mama wameitembea usiku na taa mkononi. Mafundisho ya Kiislamu yaliweka siku tatu za kumkirimu mgeni, na yakamwonya mgeni asikae hata akamtia mwenyeji dhiki. Methali yetu ni kali zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika yote mawili limo jambo ambalo wasemaji wa maziko walilisahau. Waliotangulia walijua kwamba mwenyeji huchoka, nao wakauwekea uchovu huo mpaka, wala hawakuona kwamba wamepunguza heshima ya ukarimu.

Watu wa visiwani wanamkumbuka Mwana Kupona binti Msham wa Siu, ambaye akiwa mgonjwa, mnamo mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Amekumbukwa kwa kuwa alikuwa na wino, na binti wa kuandikiwa. Akina mama wengi hawakuwa na wino. Wasia wao umo katika kipimo cha unga, na wasia wa namna hiyo husomwa kwa kutendwa tu.

Utatendwaje sasa? Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, kutoka Kigongo hadi Busisi. Ghuba iliyokuwa ikila saa za watu huvukwa kwa gari kwa dakika chache. Mgonjwa hafi tena akingoja kivuko, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu; atakaye kurudisha foleni ili ukarimu urudi amependa sura yake mwenyewe kuliko mgeni. Lakini gogo chini ya mwembe halina mkaaji, na mtu asiyejulikana anapita juu, vioo vya gari vikiwa vimefungwa.

Wana wa mama yule walikutana tena nyumbani kwa kumbukumbu yake baada ya daraja kufunguliwa. Mmoja aliuliza kama bado kuna haja ya kuongeza kipimo, ilhali hakuna anayekwama. Mkubwa wao wa kiume, ambaye maziko yale alikuwa msemaji wa kwanza, hakujibu. Alichukua ndoo mbili akateremka ziwani, na aliporudi alimtaka dada yake aondoke mafigani akakae juu ya gogo. Dada alikataa, akasema ugali utaungua. Akaambiwa na uungue.

Uliungua kidogo, kwa kuwa waliousonga hawakuzoea mwiko. Yeye alinawishwa kwanza, akapewa tonge la kwanza, na hakuna aliyemwuliza neno mpaka alipokwisha kula.