Chozi la Mwigizaji

Je, anayelia jukwaani ilhali moyo wake umetulia ni mwongo? Benoît-Constant Coquelin, mwana wa mwoka mikate aliyezaliwa Boulogne-sur-Mer mwaka 1841, alikuwa na jibu ambalo liliwaudhi wengi. Mwigizaji huyu wa Kifaransa, aliyeanza kuigiza Comédie-Française mwaka 1860, alishikilia kwamba msanii hapaswi kuguswa na huzuni anayoionyesha. Ndani yake mna wawili: mmoja huamuru, na mwingine, yaani mwili na sauti, hutumwa. Anayeamuru akizama katika kilio, anayetumwa hupotea njia.

Diderot alikwisha kulitetea wazo hilo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1830, miaka mingi baada ya kufa kwake. Henry Irving wa Uingereza alilipinga hadharani. Kwake yeye, hisia ya kweli inayotawaliwa na ustadi ina nguvu kuliko ustadi mtupu.

Uzito wa mjadala huu ni wa kimaadili. Neno letu mwigizaji limetokana na kuiga, na mnafiki naye huiga. Ikiwa chozi laweza kutengenezwa, mfiwa ataaminiwaje? Lakini mnafiki hutaka watu wasijue kwamba anaigiza, ilhali Coquelin aliwaita watu waje kumtazama akiigiza. Pazia lilipofunguka, kila aliyeketi alijua mapatano. Uongo huhitaji mtu wa kudanganywa, na pale hapakuwa na aliyedanganywa.

Filamu ililizidisha swali. Tarehe 28 Desemba 1897, katika ukumbi wa Porte Saint-Martin, Coquelin alikuwa wa kwanza kumwigiza Cyrano wa Edmond Rostand. Mwaka 1900, wakati wa Maonyesho ya Dunia ya Paris, pambano la panga la mchezo huo lilionyeshwa katika filamu fupi, pamoja na sauti yake iliyonaswa kwenye silinda ya fonografu. Kivuli kile ukutani hakina moyo wa kuhuzunika wala kufurahi. Hata hivyo, mtazamaji huweza kusisimka. Kumbe hisia si lazima itoke kwa mwigizaji ili imfikie mtazamaji.

Hata hivyo, hoja hiyo haimwondolei msanii wajibu. Huenda hadaiwi machozi yake, bali anadaiwa kazi iliyokamilika kila usiku, awe mgonjwa au mzima. Na wanaomtazama wanadaiwa nini naye anapozeeka? Coquelin alilijibu swali hilo nje ya jukwaa: alianzisha huko Pont-aux-Dames makao ya waigizaji wazee. Humo ndimo alimofariki mwezi Januari 1909, akiwa katika matayarisho ya Chantecler, mchezo mwingine wa Rostand. Aliyekataa kuuchosha moyo wake kwa misiba ya kubuni alibaki na nafasi ya kuihurumia ya kweli.