Haki ya Kukataa: Vita vya Afyuni na Mkataba wa Brussels

Vita vya Afyuni, ambavyo Uingereza ilipigana na China kati ya 1839 na 1842, kisha tena ikishirikiana na Ufaransa kati ya 1856 na 1860, vinaibua swali zito la maadili: je, mfanyabiashara anaweza kudai uhuru wa kuuza kitu kinachomnyang'anya mnunuzi uwezo wa kukikataa? Afyuni, yaani utomvu mkavu wa mpopi, ilizalishwa India chini ya Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki na kupenyezwa China kwa magendo, ingawa sheria za huko ziliipiga marufuku. Mwezi Juni 1839 Kamishna wa China, Lin Zexu, aliangamiza makasha ya afyuni zaidi ya 20,000 huko Humen, akaandika barua kwa Malkia Victoria akihoji dhamiri ya watu wanaojitajirisha kwa madhara ya wenzao. Jibu lilikuja kwa manowari, na Mkataba wa Nanjing wa 1842 ukaitoza China dola milioni 21, zikiwamo milioni 6 za afyuni iliyoangamizwa.

Hoja ya uhuru wa biashara haisimami hapa, kwa kuwa biashara huwa huru pale tu pande zote mbili zinaporidhia, nao uraibu, yaani kufungwa kwa mwili na nia ya mtu na kilevi, huila ridhaa hiyo kidogo kidogo. Mbunge William Gladstone alivipinga vita hivyo katika Bunge la Uingereza mwezi Aprili 1840 kwa hoja za haki, na serikali ikaponea kwa kura 9 tu.

Miaka 50 baadaye, tarehe 2 Julai 1890, Uingereza hiyo hiyo ilitia saini Mkataba wa Brussels, uliopiga marufuku kuingiza pombe kali, yaani iliyokenekwa, katika sehemu za Afrika ambako dini au sababu nyingine ziliizuia isienee. Eneo lake, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini, lilijumuisha nchi yote ya Ngara, kaskazini magharibi mwa Tanzania ya leo, pamoja na Nyamiaga iliyomo humo. Pombe ya ndizi ya kienyeji, isiyokenekwa, haikuguswa. Kanuni ilikuwa njema. Hata hivyo, watawala wa Bugufi na Busubi, tawala za Ngara hiyo, hawakuketi Brussels, na katazo lililohesabiwa kuwa ustaarabu lilipotoka Ulaya ndilo lililokuwa sababu ya vita lilipotoka kwa Wachina wenyewe, waliokuwa wakiwalinda watu wao katika nchi yao.