Kitu Kisichotakiwa Ni cha Nani?

Kitu kisichotakiwa tena nyumbani, kama vile sufuria iliyotoboka, kitanda kilichovunjika mguu au koti lisilomtosha mtoto, ni cha nani? Wengi hujibu upesi: ni cha mwenyewe, naye aweza kukitupa apendapo. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Maana anayetupa kitu hufanya mambo mawili kwa mara moja: aiacha mali yake, tena atoa hukumu kwamba kitu hicho hakina faida kwa mtu yeyote. La kwanza ni haki yake. La pili, ni nani aliyempa ujuzi huo?

Watu wa Manono wanayo sababu kubwa ya kuitilia shaka hukumu ya namna hiyo. Katika karne ya 20 kampuni ya Wabelgiji iliyoitwa Géomines ilichimba huko mawe ya bati. Bati lilichukuliwa, na mchanga uliobaki ukamwagwa pembeni, hata ukawa vilima vinavyoonekana mpaka leo. Vilihesabiwa kuwa takataka. Miaka mingi baadaye wataalamu walikuja kuvipima vilima vilevile, kwa kuwa ndani yake mna litiamu, madini yanayotumiwa katika betri za simu na za magari ya umeme. Mchanga ni uleule. Waliobadilika ni wanadamu na haja zao.

Basi takataka si tabia ya kitu, kama uzito au rangi. Ni neno la mtu mmoja juu ya kitu, na jirani yake aweza kuwa na neno lingine. Baisikeli iliyokufa ni mzigo kwa mwenyewe. Lakini mpira wa ndani wa gurudumu, ukikatwa vipande virefu, hufunga mizigo barabara, na vyuma vyake humfaa fundi. Kopo tupu huwa taa, au kipimo cha unga sokoni. Na wale waliochomewa nyumba katika mapigano ya Watwa na Waluba, yaliyoenea Tanganyika mwaka 2016 na 2017, waliokimbia mikono mitupu, hawakuhitaji kufundishwa thamani ya sufuria kuukuu.

Hapo latokea swali gumu zaidi. Mtu atoaye kile asichokitaka, je, ametoa? Hakupoteza kitu. Wengine husema kwamba hana thawabu yoyote. Huenda ni kweli. Lakini mama aliyepokea hapiki ndani ya thawabu ya mwenziwe, apika ndani ya sufuria. Hata hivyo iko namna ya kutoa iliyo dharau. Anayempelekea maskini sufuria yenye tundu amehamisha takataka tu, kutoka ua wake mpaka ua wa mnyonge, tena adai shukrani! Na aipeleke kwanza kwa fundi. Gharama ya kuziba tundu ndiyo sadaka yake hasa.

Vitu vingine visitolewe kamwe. Dumu lililotiwa dawa ya kuua wadudu halifai kwa maji ya kunywa, hata likioshwa mara nyingi. Betri kuukuu ya gari ina risasi, madini yanayodhuru akili za watoto. Ikiyeyushwa uani, moshi na vumbi lake huingia vifuani mwao.

Kijiji kikitaka chaweza kuweka siku moja baada ya mavuno, kila nyumba ilete katika ua wa shule vile isivyovitaka, bila kuandika jina la aliyeleta. Fundi avitazame kwanza. Kisha wenye haja wapite na kuchagua wenyewe, wala wasigawiwe kama watoto, kwa kuwa mjane ajua kuliko wazee wote wa kijiji kama amepungukiwa kiti au ndoo. Vitakavyobaki jioni vipelekwe kwa mhunzi, naye aseme kipi ni chuma cha jembe na kipi ni cha shimoni.